Maswali na Majibu: Vyombo vya Barafu Kavu vya Kupozea Prosesa, na Namna ya Kuvipima

SWALI: Ndugu Mtaalamu, pokea salamu zetu kutoka Igoma. Mimi na rafiki yangu ni wanafunzi wa chuo, na tumetengeneza vyombo vitatu vya kupozea prosesa, yaani kijenzi kinachofanya hesabu zote za kompyuta, kwa barafu kavu ili tuweze kuiendesha kwa kasi inayozidi ile iliyopangwa kiwandani. Cha kwanza kimekerezwa kutoka bonge la shaba nyekundu na kuunganishwa na bomba la shaba, cha pili ni cha aluminiamu tupu, na cha tatu ni kopo la maziwa ya unga lililochomelewa bamba la shaba chini yake. Tumevijaza barafu, na kipimajoto kimeonesha karibu nyuzi 78 chini ya sifuri katika vyote vitatu. Je, hii ina maana kwamba kopo linatosha, na fedha ya shaba tumeitupa bure?
Wasomaji wawili, Igoma, Mwanza

JIBU: Ndugu zangu, haina maana hiyo, na nafurahi kwamba mmeuliza kabla ya kukiweka chombo chochote juu ya prosesa. Jaribio mlilofanya limepima barafu, halikupima vyombo. Barafu kavu, ambayo ni kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, hugeuka gesi moja kwa moja bila kuyeyuka ikiwa kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri penye mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari, na chombo chochote cha metali kisichopokea joto kutoka mahali pengine kitashuka taratibu hadi kukaribia kiwango hicho, kiwe kizito au chepesi, cha gharama au cha kuokota. Tofauti baina ya vyombo huonekana pale tu joto linapoanza kuingia kwa wingi kupitia eneo dogo la chini. Swali la kukiuliza chombo ni hili: zikipita wati kadhaa, sehemu yake ya chini inapanda nyuzi ngapi juu ya halijoto ya barafu iliyomo?

Anzeni kwa kuufahamu mzigo wenyewe. Umeme unaogeuka joto ndani ya prosesa huongezeka sawia na kasi yake, lakini kwa upande wa volti huongezeka kwa mraba wake, na ndiyo sababu volti ndogo ya nyongeza huleta joto jingi. Tuseme prosesa yenu hutumia wati 95 ikiwa kwenye gigahezi 3.4 na volti 1.2. Mkiipandisha hadi gigahezi 5.0 kwa volti 1.5, hesabu hiyo inatoa takriban wati 218, na zote zinapita katika uso usiozidi sentimita nne kwa nne. Kopo ambalo lilitulia vizuri likiwa halina kazi halijaulizwa bado kama linaweza kuzipokea wati hizo.

Ushauri ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wote katika ukurasa huu ni kwamba msiifanye prosesa kuwa kifaa cha majaribio. Joto lake hubadilika kila sekunde kulingana na programu inayoendeshwa, vipimajoto vilivyomo ndani yake havikuundwa kusoma baridi kali kwa usahihi, na kosa moja la ufungaji linaweza kuiua pamoja na bodi mama, yaani bodi kuu ya kompyuta inayobeba prosesa. Tengenezeni heta ya kuiga prosesa. Chukueni rezista mbili (vijenzi vinavyozuia umeme na kuugeuza joto) zenye ganda la aluminiamu, kila moja ya ohmu 2 na yenye uwezo wa wati 100, mzifunge kwa skrubu na grisi ya joto kwenye pande za kipande cha shaba ambacho uso wake wa juu una ukubwa wa prosesa, kisha mziunganishe sambamba kwenye waya za volti 12 za pawasaplai ya kompyuta. Kila rezista itatoa wati 72, na zote mbili wati 144. Volti hushuka kidogo mzigo unapoingia, kwa hiyo pimeni volti kwenye miguu ya rezista heta ikiwa imewaka, na mfanye hesabu kwa namba hiyo badala ya ile iliyoandikwa kwenye pawasaplai. Kifungeni kipande hicho kwa sponji pande zote isipokuwa juu, ili joto lisipate njia nyingine. Heta isiwashwe kamwe chombo kikiwa kitupu.

Kipimajoto nacho kinahitaji kuhakikiwa. Kile cha kumulika kwa mwanga mwekundu hakifai hapa, kwa sababu shaba iliyong'arishwa hutoa mnururisho mdogo sana wa joto, na kifaa kitasoma zaidi joto la vitu vinavyoakisiwa juu yake. Tumieni cha waya, yaani thamokapo, na msome kwanza kwenye karatasi yake kiwango cha chini kabisa inachoweza kupima, kwa maana mita nyingi za bei nafuu huishia nyuzi 20 au 50 chini ya sifuri na zaidi ya hapo hubahatisha. Mhakikishe usahihi wake kwa maji yenye barafu ya kawaida, ambayo yatoe sifuri, na kwa maji yanayochemka. Hapa wengi wa kanda yetu hukosea: uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi, maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Sababu hiyohiyo huishusha barafu kavu pia, hivyo kwenu inapaswa kusoma karibu nyuzi 80 chini ya sifuri. Mkiona 78 kamili, chunguzeni kipimajoto kabla ya kukiamini.

Toboeni katika kila chombo tundu jembamba linaloingia kwa ubavu hadi katikati ya sehemu ya chini, na katika vyombo vyote liwe na umbali uleule kutoka uso unaogusa heta. Kwa kopo, ambalo bamba lake ni jembamba mno kutobolewa, njia ya haki ni kutoboa tundu ndani ya kipande cha heta chenyewe, karibu na uso wake wa juu, na kulitumia hilo kwa vyombo vyote vitatu. Washeni heta, mwendelee kuongeza barafu ili ujazo usibadilike, na msiandike jibu mpaka namba iwe imetulia kwa dakika kumi.

Tuseme chombo cha shaba kimetulia kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri, na barafu iko kwenye 80. Tofauti ni nyuzi 20 kwa wati 144, yaani takriban nyuzi 0.14 kwa kila wati. Tuseme kopo limetulia kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ambayo ni tofauti ya nyuzi 50, yaani 0.35 kwa kila wati. Sasa zidisheni kwa wati 218 za prosesa yenu: shaba itakaa karibu na nyuzi 50 chini ya sifuri, na kopo litakaa nyuzi 4 tu chini ya sifuri. Vyombo vilivyoonekana sawa bila mzigo vimeachana kwa zaidi ya nyuzi 40. Hizo ni namba za mfano, na zenu zitatoka kwenye jaribio lenu, lakini sitarajii kopo lishinde, kwa sababu bamba jembamba halilitawanyi joto kwa upande kabla ya kufika kwenye barafu, na mapovu ya gesi hujikusanya juu ya sehemu moja yenye moto na kuitenga na ubaridi.

Kuhusu aluminiamu, msiidharau, ila mjue mipaka yake. Shaba safi hupitisha joto kwa kiwango cha takriban wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi, na aluminiamu ya viwandani mara nyingi ni nusu ya hapo au pungufu. Katika kitako chenye unene wa sentimita 3 na kipenyo cha sentimita 4, wati 144 zitagharimu takriban nyuzi 9 kupita ndani ya shaba na 17 au zaidi kupita ndani ya aluminiamu. Hakikisheni pia kwamba bonge lenu ni shaba nyekundu kweli, kwa kuwa shaba ya njano inayotumika kwenye koki za maji na vitasa hupitisha joto chini ya theluthi moja ya ile nyekundu, na kwenye maduka ya vyuma chakavu kipande kilichochakaa rangi huwa si rahisi kukitambua mpaka kikwaruzwe.

Jambo la mwisho kwenu ni mizani ya jikoni, ambayo watu wengi hawaifikirii. Kuigeuza gesi kilo moja ya barafu kavu kunahitaji takriban kilojuli 571, kwa hiyo wati 144 zinapaswa kula gramu 900 hivi kwa saa. Wekeni chombo pamoja na heta juu ya mizani, sponji ikiwa katikati, na msome upungufu wa uzito. Mkikuta kilo 1.3 kwa saa, gramu 400 za ziada zimeliwa na joto linaloingia kutoka hewani kupitia kuta, nalo ni sawa na wati 60 na kitu. Hapo dawa ni kuongeza sponji, si kubadilisha chombo.

SWALI: Mwanangu yuko chuo, na siku hizi huja nyumbani na wenzake wakiwa na sanduku la barafu inayofuka moshi, wanajifungia chumbani na kompyuta hadi usiku. Wananiambia moshi huo ni mvuke tu wa maji. Je, niwaamini?
Mama, Buzuruga, Mwanza

JIBU: Mama, wasiwasi wako una msingi, na naomba uwatoe chumbani leo hii, hata kama itabidi uwe mkali. Ule weupe unaoonekana kweli ni unyevu wa hewa ulioganda kuwa ukungu. Kilicho cha hatari ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka pamoja nao, ambayo haina rangi wala harufu. Kilo moja ya barafu kavu, kwa hewa ya Mwanza, hugeuka gesi ya zaidi ya lita 600. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita tatu, kilo moja ikiisha milango ikiwa imefungwa, gesi hiyo hufikia zaidi ya asilimia 2 ya hewa, ilhali hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 tu. Kilo mbili huipitisha asilimia 4, kiwango ambacho wataalamu wa usalama kazini hukihesabu kuwa hatari kwa uhai papo hapo. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kupumua harakaharaka, moyo kwenda mbio na kizunguzungu, na kijana anayejali kompyuta yake anaweza kudhani ni uchovu.

Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hivyo hujaza chumba kuanzia chini. Anayelala kwenye godoro lililo sakafuni, mtoto mdogo, hata paka, hupatwa kabla ya aliyesimama. Wafanyie kazi barazani au uani penye upepo, na mchana upepo unaotoka ziwani huwasaidia sana. Wasiisafirishe ndani ya daladala au gari lililofungwa vioo, na wasiitie kwenye chupa au chombo chenye kifuniko cha kukaza, kwa sababu gesi ikikosa pa kutokea itakipasua. Sanduku la stairofomu, kama yale yanayopakiwa minofu ya sangara, linafaa, mradi mfuniko uwekwe tu juu bila kufungwa kwa gundi ya karatasi. Kuiweka kwenye friza ya nyumbani hakusaidii, kwa kuwa friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri ni ya joto kwa barafu hiyo, na gesi itajikusanya humo. Wavae glavu nene za ngozi na miwani ya kukinga macho, kwani kuishika kwa mkono mtupu huunguza ngozi sawasawa na moto.

SWALI: Tumeambiwa barafu peke yake haitoshi, ni lazima kumimina kimiminika. Je, tutumie asetoni ya saluni au spiriti ya duka la dawa?
Msomaji, Musoma

JIBU: Mmeambiwa kweli. Vipande vya barafu kavu hugusa kuta za chombo kwenye ncha chache tu, na gesi inayotoka huviinua visiguse vizuri, hivyo kimiminika kisichoganda huhitajika ili kuziba nafasi hizo na kupeleka joto kwenye barafu. Asetoni huganda kwenye nyuzi 95 chini ya sifuri na hubaki nyepesi hata kwenye baridi hiyo. Alkoholi ya isopropili huganda kwenye 89 chini ya sifuri, ingawa hunata kadiri inavyopoa. Asetoni ya saluni mara nyingi imechanganywa maji, mafuta na manukato, na spiriti ya duka la dawa, ambayo mara nyingi ni alkoholi ya asilimia 70, ina maji mengi mno, ambayo katika baridi hiyo huifanya iwe nzito kama uji na kuzuia mzunguko. Tafuteni isiyopungua asilimia 99.

Kati ya hizo mbili, mimi naichagua alkoholi ya isopropili kwa wanaoanza. Zote zinawaka, lakini asetoni hutoa mvuke unaoshika moto hata ikiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na pia huyeyusha baadhi ya plastiki, jambo ambalo si zuri karibu na bodi mama. Kusiwe na jiko, sigara wala chuma cha kulehemu karibu. Mimineni kimiminika kidogo kwanza, kisha muongeze punje ndogondogo za barafu taratibu, kwa maana chombo kikiwa bado na joto la kawaida barafu nyingi kwa mara moja itakifurisha kimiminika na kukimwaga juu ya bodi. Kabla ya yote, kijaribuni chombo kama kinavuja kwa kukijaza alkoholi hiyohiyo juu ya karatasi ya gazeti usiku kucha. Viungo vilivyofungwa kwa gundi ya epoksi hupasuka kwenye baridi kwa sababu gundi na metali hazisinyai kwa kiwango kimoja, kwa hiyo rudieni upimaji huo baada ya chombo kupozwa na kurudi kwenye joto la kawaida.

SWALI: Chombo chetu kinapoza vizuri, lakini baada ya saa moja kompyuta ilizima na haijawaka tena. Tulikuta maji kwenye soketi ya prosesa, ingawa hakuna kilichovuja. Yalitoka wapi?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Yalitoka hewani. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 70, ambayo kwetu pembezoni mwa ziwa ni ya kawaida, huanza kudondosha umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 19 au pungufu. Chombo chenu kiko karibu nyuzi mia moja chini ya hapo, na baridi yake inatambaa kupitia miguu ya prosesa hadi upande wa nyuma wa bodi, ambako watu wengi hawaangalii kabisa. Barafu ya maji inayojijenga pembeni haina madhara makubwa ikiwa imeganda. Inapoyeyuka ndipo inapoingia kwenye soketi.

Kinga si kuyafuta maji, ni kuizuia hewa isifike penye baridi. Pakeni mafuta ya mgando, yale ya kawaida ya kujipaka yasiyo na manukato, kuzunguka soketi na juu ya vijenzi vilivyo karibu nayo, kisha mkate sponji nyeusi ambayo mafundi friji huiviringisha kwenye mabomba ya viyoyozi, ikae imebana pande zote za chombo na nyuma ya bodi bila mwanya. Sponji ya godoro haifai, kwa sababu vitundu vyake vimeunganika na hewa yenye unyevu hupita. Hili nalo linapimika kabla ya kuiweka prosesa: fungeni chombo juu ya bodi mbovu iliyokufa, kikiwa na sponji zote, mkiendeshe kwa muda uleule mnaokusudia, kisha mfungue na kupitisha karatasi nyeupe ya chooni kila pembe. Ikitoka kavu, endeleeni. Ikiwa na alama ya unyevu, mtakuwa mmejua mwanya uko wapi bila kupoteza kitu.

Bodi yenu msiitupe bado. Itoeni betri ndogo, muisafishe kwa alkoholi ya asilimia 99 na brashi laini, na muianike kivulini penye upepo kwa siku mbili au tatu kabla ya kuiwasha. Ikiwa umeme haukupita kwenye maji kwa muda mrefu, bodi nyingi hurudi.

SWALI: Kwetu wafugaji tunamfahamu mtaalamu wa uhimilishaji ambaye huhifadhi mbegu za ng'ombe kwenye naitrojeni ya maji. Je, chombo kilichotengenezwa kwa barafu kavu kinaweza kutumia naitrojeni hiyo?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Si vyema kuanza nayo. Naitrojeni ya maji huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo baadhi ya prosesa hukataa kuwaka kabisa, hivyo anayeitumia huhitaji kulidhibiti joto kwa kumimina kidogokidogo muda wote, kazi ambayo barafu kavu hujifanyia yenyewe kwa kuwa haishuki chini ya kiwango chake. Chombo chake hutakiwa kiwe na metali nyingi zaidi chini ili kisipande na kushuka ghafla, na gesi inayotoka huiondoa oksijeni chumbani bila kutoa dalili yoyote ya kumshtua mtu. Wanaotafuta rekodi ndio wanaoihitaji. Mwaka 2011 kampuni ya AMD ya Marekani iliifikisha prosesa yake ya FX kwenye gigahezi 8.429, na hapo ilibidi watumie heliamu ya maji. Kwa kompyuta ya nyumbani, chombo cha shaba chenye nyuzi 0.14 kwa wati, kilichopimwa kwa heta na kufungwa sponji vizuri, kitawapa nafasi kubwa ya kujifunza kwa gharama ya kilo chache za barafu kavu, na ile naitrojeni itabaki kwa ajili ya ng'ombe.